Sura Iliyoandikwa: Historia ya Mtu Kujichora kwa Herufi, Kutoka Pwani Hadi Geita

Kwa zaidi ya karne moja, mtu wa Shinyanga na Geita ameandikwa na wengine. Karani wa kodi aliliandika jina lake kwenye stakabadhi kama alivyolisikia. Padri alimpa jina jipya kwenye kitabu cha ubatizo. Mnyapara alimgeuza kuwa namba kwenye daftari la kazi. Hakuna aliyemwuliza kama maandishi hayo yanafanana naye.

Leo kijana mwenye simu au kompyuta anaweza kuijenga sura yake mwenyewe kwa herufi tupu, kisha akamruhusu mtazamaji aiguse, aitawanye na aijibu. Wengi huidhani kazi hiyo kuwa ni ugeni uliotoka Marekani pamoja na mashine yenyewe. Mashine ni ngeni kweli. Lakini mtu kujichora kwa maneno na kumwachia mwenzake nafasi ya kujibu ni desturi ya siku nyingi katika Afrika Mashariki, na historia yake inastahili kusimuliwa kutoka mwanzo.

Malenga na waliowajibu

Kabla ya herufi za Kirumi kuenea, watu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Washairi wa tenzi walikuwa na mahali pao pa kujionyesha. Mwishoni mwa utenzi, baada ya kisa kwisha, mtunzi angeweza kutaja jina lake, ukoo wake na mji wake, na pengine mwaka aliomaliza kazi. Palikuwa pia na mashairi yaliyofuata mpangilio wa alfabeti, kila sehemu ikiongozwa na herufi yake, tangu alifu hadi ya mwisho. Humo herufi zenyewe ndizo zilizokuwa mifupa ya utungo.

Katika Mombasa ya mwanzo wa karne ya 19 aliishi Muyaka bin Haji, malenga aliyefariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake mengi yaliwalenga watu: wapinzani wa Lamu, wakubwa wa mji, marafiki na mahasimu. Aliyelengwa alitarajiwa kujibu, tena kwa vina na mizani. Baadaye Mwalimu Sikujua, akishirikiana na mmishonari William Taylor, aliyakusanya mashairi hayo yasipotee, na mwaka 1940 yakatolewa kitabuni na William Hichens. Sura ya Muyaka hatuijui kwa picha. Tunamjua kwa maneno yake na kwa ugomvi aliouzua, na hiyo ni sura kamili ya mtu.

Nguo inayosema

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walianza kununua vitambaa vya leso vikiwa bado havijakatwa kutoka kwenye jora. Walichukua sita, wakavipanga vitatu juu na vitatu chini, wakavishona kuwa nguo moja. Punde wafanyabiashara wakaagiza nguo nzima iliyochapwa kwa mtindo huo, yenye pindo kuzunguka pande zote nne na mji katikati. Hiyo ndiyo kanga.

Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla, alianza biashara Mombasa. Kanga zake zilibeba alama iliyosomeka «K.H.E. – Mali ya Abdulla», na yeye ndiye anayetajwa kuwa aliyeanzisha mtindo wa kuchapa methali na misemo kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Maandishi yalikuwa kwanza ya Kiarabu. Kadiri shule na vitabu vilivyoeneza herufi za Kirumi, jina la kanga, yaani maneno yake, nalo likahamia huko: herufi kubwa, nyoofu, mara nyingi bila nukta wala mkato, ndani ya kisanduku chini ya mji.

Mpangilio huo si wa kubahatisha. Pindo ni fremu, mji ndio picha, na jina limekaa mahali ambapo msomaji hulikuta mvaaji anapopita. Anayetaka kulisoma hulazimika kumtazama aliyelivaa. Mwanamke huenda dukani, huomba afunuliwe doti moja baada ya nyingine, husoma kila jina, kisha huchagua lile analotaka liseme kwa niaba yake. Akichukua «Japo sipati tamaa sikati», amejieleza. Akichukua «Hasidi hana sababu», amemjibu mtu ambaye huenda yuko nyumba ya tatu. Na anayejifunga «Nilijua mtasema» amewatangulia wasemaji kabla hawajafungua mdomo. Jirani naye ana haki ya kujibu kwa kanga yake wiki inayofuata, na jibu hilo halihitaji kelele wala shahidi.

Hapa tayari tuna sura ya nafsi iliyotengenezwa kwa herufi, yenye mpangilio wake wa uchapaji, na isiyokamilika mpaka mtu wa pili aisome na atoe jibu. Wabunifu wa leo wanapozungumzia kazi ambayo mtazamaji anashiriki ndani yake, wanalieleza jambo ambalo bibi zetu walilifanya kila walipotoka nyumbani.

Reli, pamba na uwanja wa ngoma

Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, ikipita Shinyanga. Marobota ya pamba yalitoka Usukuma, na vitambaa vilivyochapwa ng'ambo, Uingereza, Uholanzi, India na Japani, vikaingia kwenye maduka ya vituo vya kununulia pamba. Mkulima aliyeuza pamba yake kwa bei aliyopangiwa aliinunua tena ikiwa nguo yenye maandishi ya Kiswahili. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima viliungana chini ya Paul Bomani na kuunda muungano mkubwa wa Kanda ya Ziwa, Victoria Federation of Cooperative Unions. Baada ya uhuru vikajengwa viwanda vya nguo nchini, Urafiki wa Dar es Salaam uliofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na Mwatex wa Mwanza. Sasa pamba ya Tanzania ikawa inafumwa na kuchapwa hapa hapa.

Kanga ilipoingia Usukuma haikukuta watu wasiojua kujinadi. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma vyenye uhasama wa miaka mingi, Bagika na Bagalu, vinavyojivunia waasisi wao, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno wapinzani hujipanga pande mbili za uwanja na kucheza kwa wakati mmoja. Manju, yaani ningi, hujitaja kwa majina yake ya kujisifu, huwasifu wenzake na kumchokoza mpinzani. Hakuna meza ya majaji. Umati wenyewe huamua, kwa maana watu huhamia upande unaowavutia, na upande uliozungukwa na wengi ndio ulioshinda. Padri David Clement, mmishonari kutoka Kanada aliyefika Bujora katika miaka ya 1950, aliiona thamani ya jambo hilo. Kituo cha Bujora, karibu na Kisesa, kina makumbusho ya Wasukuma na bado hupokea mashindano ya ngoma ya Bulabo kila mwezi wa sita.

Kwa hiyo mwanamke wa Shinyanga aliyejifunga kanga alizichukua sanaa mbili kwa pamoja. Nyumbani alizungumza Kisukuma, nguoni alizungumza Kiswahili. Uwanjani alijifunza kwamba sifa ya mtu hutolewa na anayeisikiliza. Desturi ya kujitambulisha kwa maandishi ilienea pia kwenye vyombo vya safari: maandishi ya rangi juu ya vioo vya malori, nyuma ya mabasi, na kwenye vifuniko vya matope vya baiskeli, ambazo mjini Shinyanga zimebeba abiria kwa miaka mingi kama daladala. Fundi wa maandishi akishika brashi, mwenye chombo humwambia aandike nini, na maneno hayo humtambulisha dereva kwa watu ambao hawataona sura yake kamwe.

Waliotuandika

Sambamba na kujiandika huko kulikuwa na kule kuandikwa. Chini ya utawala wa Waingereza, kibarua wa Tanganyika alikabidhiwa kipande, kadi iliyohesabu siku 30 za kazi kabla ya mshahara kulipwa. Kadi hiyo ilikuwa na jina lake na siku zake, na ilimweleza kwa tajiri kuliko mdomo wake ulivyoweza. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui, si mbali na Shinyanga mjini. Vijana wa Kisukuma waliingia kwenye daftari za mishahara, na daftari halina nafasi ya majina ya sifa.

Majina yenyewe yaliumia katika uandishi huo. Jina la Kisukuma linaloanza na Ng'w linahitaji kistari kidogo cha juu baada ya g. Karani aliyekiacha alilibadilisha jina, na kwa kulibadilisha alimbadilisha mtu kwenye karatasi. Hata sasa fomu nyingi za kompyuta hukikataa kistari hicho, zikikitambua kama kosa. Mwenye jina hulazimika kulifupisha ili mashine impokee.

Palikuwa na mahali ambapo mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1923 serikali ilianza kutoa jarida la Mambo Leo. Lilikuwa la serikali, lakini wasomaji waliligeuza kuwa baraza lao. Walileta habari za miji yao, wakaleta mashairi, wakajibizana kutoka toleo hadi toleo, wengine kwa majina ya ushairi waliyojichagulia wenyewe. Saadani Abdu Kandoro, malenga na mwanasiasa, aliutumia ushairi katika harakati za kudai uhuru na alikuwa miongoni mwa viongozi wa siasa Kanda ya Ziwa. Huyo hakungoja kuandikwa.

Mashine inajifunza kuchora kwa alama

Mwaka 1966 mgodi wa kikoloni wa Geita ulifungwa. Mwaka huohuo, katika maabara za Bell nchini Marekani, Leon Harmon na Ken Knowlton walichukua picha ya mwanamke aliyelala, wakaikata vipande vidogo kwa kompyuta, na badala ya kila kipande wakaweka alama ndogo yenye wingi wa weusi unaolingana nacho. Ukiikaribia picha unaona alama tupu. Ukirudi nyuma unaona mwili wa mtu. Mwaka 1963 Marekani ilikuwa imekwisha weka kiwango cha ASCII, kinachoipa kila herufi namba yake ndani ya mashine, na kwa miaka mingi watu waliochora kwa herufi za kompyuta walitegemea kiwango hicho.

Picha ya Harmon na Knowlton ilitazamwa tu. Mwaka 1999 Camille Utterback na Romy Achituv walitengeneza Text Rain. Mtu anasimama mbele ya skrini, kamera inamwona, na herufi zinamnyeshea kutoka juu. Zikigusa mabega yake au mikono yake zinatua, na akinyanyua mkono zinapanda nao. Herufi zilizotua pamoja huweza kuunda maneno ya shairi. Mwaka 2001 Casey Reas na Ben Fry wakaanzisha Processing, programu ya bure iliyowafundisha wasanii kuandika msimbo. Zaidi ya miaka kumi baadaye Lauren McCarthy akaanzisha p5.js, inayofanya kazi hiyohiyo ndani ya kivinjari, hata cha simu. Tangu hapo mtu hahitaji maabara ili aijenge sura yake kwa herufi. Anahitaji picha moja, maneno yake na subira.

Wakati huohuo msanii mzaliwa wa Unguja alikuwa akipeleka kanga kwenye kumbi kubwa za sanaa. Lubaina Himid, aliyezaliwa mwaka 1954 na kulelewa Uingereza, amechora kazi nyingi zenye umbo la kanga: pindo, picha katikati, na maneno chini yake. Mwaka 2017 alishinda tuzo ya sanaa ya Turner, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Kazi zake zinathibitisha kwamba muundo wa kanga unaweza kubeba maisha ya mtu aliyevuka bahari, na kwamba asili ya muundo huo ni hapa kwetu.

Sura na usalama wake

Katika Kanda ya Ziwa, kusomwa vibaya kwa sura ya mtu kumegharimu uhai. Wanawake wazee wameuawa Usukuma kwa sababu macho yao ni mekundu, wekundu unaoletwa na moshi wa miaka mingi jikoni, na majirani wakausoma kuwa uchawi. Miaka ya 2000 ilipokaribia kwisha, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri, hata wa madini. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, na sauti ya mwenye ualbino ikasikika bungeni. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa mauaji ya mtoto mwenye ualbino. Mjini Shinyanga, kituo cha Buhangija kikawa kimbilio la watoto waliotolewa majumbani mwao ili wawe salama.

Nayataja haya kwa sababu yanaingia moja kwa moja katika ufundi wa kuijenga sura kwa herufi. Programu hupima mwanga wa kila kipande cha picha, kisha huchagua herufi. Kwenye mandhari nyeupe, mahali peupe hupata nukta au i, mahali peusi hupata M au W. Mtengenezaji asipofikiri, ngozi nyeusi sana hugeuka bonge moja la herufi nzito bila macho wala midomo, na ngozi ya mwenye ualbino hufutika kabisa kwenye weupe. Kosa hilo linarekebishika. Kwa ngozi nyeusi ongeza hatua nyingi za uzito upande wa giza, ili shavu, kope na paji zitofautiane. Kwa mwenye ualbino geuza mandhari yawe meusi na herufi ziwe nyeupe, na sura yake itatokea na kila unywele wa nyusi. Uamuzi huo ni wa mistari michache ya msimbo, lakini ni uamuzi wa haki: nani ataonekana, na kwa masharti ya nani.

Maneno ya kuijaza sura hiyo ndiyo utajiri wenyewe. Kiswahili sanifu hakitumii q wala x, na a, i na u zimejaa kila mstari, kwa hiyo matini yetu ina mwendo wake kwa macho, tofauti na Kiingereza. Mchimbaji mdogo wa Rwamagasa au Nyarugusu anaweza kuijenga sura yake kwa lugha ya kazi yake: duara aliloshuka, karasha iliyosaga mawe, mwalo alipooshea, marudio aliyoyauza. Binti wa Kahama anaweza kutumia majina ya kanga za mama yake. Mtazamaji akigusa paji la uso, herufi zifunguke na kumsalimu kwa Kisukuma, «Wangaluka», kisha zingoje. Asipojibu, sura ibaki imetawanyika. Akijibu, jibu lake liingie na kuwa sehemu ya shavu. Hapo ndipo kazi inapokuwa ya kushirikisha kweli, maana jibu la mgeni limeibadilisha sura ya mwenyeji, kama umati wa Bulabo unavyobadilisha matokeo kwa kuhama upande.

Na kazi hiyo ni nyepesi kubebeka. Herufi hula data kidogo kuliko video, hivyo sura iliyoandikwa inaweza kufunguka kwenye simu ya bei ndogo katika kijiji cha wachimbaji ambako mtandao ni wa kubahatisha.

Dhahabu imerudi Geita kwa nguvu. Mgodi mkubwa wa kisasa ulifunguliwa mwaka 2000, Geita ikawa mkoa mwaka 2012, na mwaka 2019 soko la madini lilianza mjini humo ili mchimbaji mdogo apimiwe na kulipwa hadharani. Yote hayo yanaandikwa kwa takwimu: tani, gramu, mrabaha. Takwimu zina kazi yake, lakini mtu hawezi kujiona ndani yake.

Walimu wa sanaa na wa kompyuta wa Shinyanga, Kahama na Geita, hili ni somo mnaloweza kulifundisha muhula huu. Programu ni ya bure, na picha iko kwenye simu za familia nyingi. Mwanafunzi wenu aanze na jina lake kamili, na kama lina kistari cha juu kiwe mahali pake. Achague maneno ya kwao, si ya kuazima, kisha aache nafasi ya jibu la mtu mwingine. Tumeandikwa na wengine vya kutosha, na vifaa vya kujiandika sasa tunavyo mikononi.